Kiwiliwili cha gitaa la umeme kwa ubao wa mninga

Karibu michoro yote ya gitaa la umeme inayopatikana mtandaoni imetoka katika karakana za Marekani, na vipimo vyake vimewekwa kwa kudhani kwamba fundi ana ubao wa alder au ash mezani kwake. Mtengenezaji wa Marekani aitwaye Leo Fender alipoanza kuuza gitaa lake lenye kiwiliwili cha ubao mtupu mwaka 1950, lile ambalo tangu 1951 linajulikana kwa jina la Telecaster, mti wake mkuu ulikuwa ash, na kuanzia 1956 magitaa mengi ya aina ya Stratocaster yakawa ya alder. Fundi wa Dar es Salaam au Morogoro anayeifuata michoro hiyo bila kubadilisha kitu, huku akitumia ubao wa mninga, atapata gitaa linalopendeza machoni lakini linaloelemea bega, lenye vinyweleo, yaani vitundu vidogo vya mti, vinavyoonekana chini ya vanishi. Nimetengeneza viwiliwili vya mninga kwa muda sasa, nami naamini kwa dhati kwamba mti huu unafaa sana kwa kazi hii. Kinachotakiwa ni kuuamulia mambo yake wenyewe: uzito, mikato ya ukingo, msasa na vanishi.

Nianze na uzito, kwa kuwa ndio unaoongoza maamuzi mengine. Kiwiliwili cha umbo la Telecaster chenye unene wa milimita 45 kina ujazo wa takriban lita nne kabla ya kuchimbwa. Alder iliyokauka ina uzito wa kilo 450 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kiwiliwili chake huwa chini kidogo ya kilo mbili. Mninga uliokauka huwa kati ya kilo 600 na 650, na kiwiliwili kile kile hufika kilo mbili na nusu. Ukiongeza shingo, daraja linaloshikilia nyuzi juu ya kiwiliwili, funguo za kukazia nyuzi na pikapu, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya zinazonasa mtetemo wa nyuzi, mpigaji anayesimama jukwaani usiku kucha atauhisi uzito huo. Mkangazi ni mwepesi zaidi, nao ni jamaa ya mahogani, kwa hiyo anayetaka gitaa jepesi bila kazi ya ziada anaweza kuanzia hapo. Mvule una uzito unaokaribiana na mninga, lakini mara nyingi hubeba ndani yake vipande vigumu vya chokaa vinavyoharibu makali ya randa na visu vya mashine. Wapo wanaoniuliza kuhusu mpingo kwa sababu ya sifa zake katika klarineti na obo. Mpingo unazidi kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, hivyo kiwiliwili chake kingekaribia kilo tano. Mahali pake kwenye gitaa ni juu ya shingo, pale vidole vinapokanyaga nyuzi, na hapo hauna mshindani.

Ubao wa inchi mbili kwa nane unaouzwa kwa futi katika maduka ya mbao unatosha, kwa sababu vipande viwili vilivyoungwa ubavu kwa ubavu vinatoa upana wa sentimeta 40, na umbo la Telecaster halihitaji zaidi ya 33. Nunua kwa muuzaji mwenye vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa maana mninga hukua polepole katika misitu ya miombo na hauna haja ya kukatwa kwa wizi ili mtu apate gitaa. Mimi napenda zaidi mbao za vitanda na milango ya zamani ambazo mafundi wa samani huziweka kando. Mti uliokaa ndani ya nyumba miaka 20 umekwisha kukauka na kutulia, na kazi inayobaki ni kuondoa misumari na kuziba matundu. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, na baba yake walipoanza kutengeneza gitaa lao huko Uingereza mwaka 1963, shingo yake waliichonga kutoka kwenye fremu ya mbao ya meko ya zamani, na matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Gitaa hilo limepigwa katika viwanja vikubwa kuliko vyote duniani, na lilitengenezwa kwa zana za mkono ambazo seremala yeyote wa mtaani anazo.

Kama ubao ni mpya, pima uzito wake kwenye mizani ya duka, andika kwa kalamu juu ya ubao wenyewe, kisha uuweke mahali penye kivuli na hewa inayopita, ukiwa umepaka rangi au nta kwenye vichwa vyake viwili ili usipasuke. Upime tena kila mwezi. Uzito unapoacha kupungua, ubao umelingana na hewa ya mahali ulipo na unaweza kuanza kazi. Wakati wa kuunga vipande viwili, tazama mkondo wa mti, yaani mwelekeo wa nyuzinyuzi zake, ubavuni mwa kila kipande na uvipange ili mikondo yote miwili ipande kuelekea upande mmoja. Ukivipanga kinyume, randa itakayolainisha kipande kimoja itang'oa nyama ya kipande cha pili, na tatizo hilo litakufuata hadi kwenye msasa wa mwisho. Gundi nyeupe ya mbao na klampu tatu au nne zinatosha, mradi kingo zimerandwa hadi mwanga usipite katikati yake.

Kabla ya kukata umbo, amua kama utapunguza uzito kwa kuchimba vyumba vya ndani. Suluhisho hili lina historia yake. Mwaka 1968 kampuni ya Fender ilitoa Telecaster yenye vyumba vya ndani iliyoitwa Thinline, iliyobuniwa na Mjerumani Roger Rossmeisl, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba mbao nyepesi za ash zilikuwa zimeanza kuadimika. Kwa mninga hoja ni ile ile. Ukichimba vyumba vyenye jumla ya eneo la sentimeta 200 za mraba kwa kina cha sentimeta tatu, unaondoa karibu gramu 370, nawe umekaribia uzito wa alder. Acha ubao mzima katikati, kuanzia pale shingo inapoingia hadi nyuma ya daraja, kwa upana usiopungua sentimeta kumi, na acha ukuta wa sentimeta mbili kuzunguka ukingo wote, zaidi mahali ambapo utachonga mikato. Juu yake gundisha kifuniko cha unene wa milimita sita, na hapa unaweza kutumia mti mwingine wenye rangi tofauti kama unataka.

Mstari wa katikati ndio sheria ya kazi nzima. Uchore kwa kisu badala ya penseli, mbele, nyuma na kwenye vichwa vyote viwili, na usikubali ufutike mpaka daraja liwe limefungwa. Mfuko wa shingo wa Fender una upana wa milimita 56 na kina cha milimita 16, na urefu wa uzi kutoka kizibo cha juu cha shingo hadi kwenye daraja ni milimita 648. Kosa la milimita moja katika mstari wa nje wa kiwiliwili halitaonwa na mtu yeyote, ilhali mfuko wa shingo uliopinda kwa kiasi hicho hicho utazipeleka nyuzi nje ya shingo. Kwa hiyo mimi huuchimba mfuko huo kwanza, wakati ubao bado ni wa mstatili na unakaa imara kwenye klampu, kisha naichukua shingo yenyewe, naiingiza, nanyoosha uzi wa mshonaji kutoka kichwani hadi chini, na hapo ndipo nahakikisha mahali pa daraja.

Umbo la nje hukatwa kwa msumeno wa mkanda au jigso, ukiacha milimita mbili au tatu nje ya mstari. Mwenye mashine ya ruta, ile inayochimba mbao kwa kisu kinachozunguka, atafuata kiolezo cha plaiwudi kwa kisu chenye beringi. Mninga mara nyingi una mkondo unaopishana, na kisu cha ruta kikikutana nao vibaya hung'oa kibanzi kirefu kutoka kwenye pembe ya kiwiliwili, pale ambapo mkondo wa mti unakatwa kimshazari. Dawa ni kula kidogo kidogo, milimita tano za kina kwa kila mzunguko, na kuhakikisha kwamba msumeno umeacha kidogo sana cha kuondolewa sehemu za pembe. Ruta husukumwa kinyume cha mshale wa saa unapozunguka ukingo wa nje, na kwa mwelekeo wa mshale wa saa unapokuwa ndani ya shimo. Asiye na ruta asivunjike moyo: mashimo ya pikapu na ya vifaa vya umeme hutobolewa kwa drili, matundu yakipandana, na kuta zikasafishwa kwa patasi kali. Huchukua muda zaidi, lakini hayaonekani yakishafunikwa, na ukingo wa nje unaweza kukamilishwa vizuri kabisa kwa tupa ya mbao na msasa uliozungushiwa gogo la mviringo.

Sasa nifike kwenye mikato, ambayo kwangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Telecaster ya kwanza ilikuwa ubao bapa, wenye kingo zilizozungushwa kwa milimita tatu tu. Wapigaji walilalamika kwamba ukingo wa juu unawabana mkono na ule wa nyuma unawachoma mbavu, na Stratocaster ya mwaka 1954 ikaja na mkato wa mteremko mbele, pale mkono unapolala, na mkato wa bonde nyuma, pale gitaa linapokutana na tumbo. Kingo zake zilizungushwa kwa kiasi cha milimita 12. Kwa gitaa la mninga ninaichonga mikato hiyo hata kwenye umbo la Telecaster, kwa kuwa inapunguza uzito na pia inaufungua mti: rangi ya mninga hubadilika kutoka hudhurungi ya dhahabu hadi nyekundu iliyokolea, na kila unapoukata kwa mteremko, mistari iliyokuwa myembamba juu ya uso hutanuka na kupinda kufuata umbo la mkato. Hakuna rangi ya dukani inayoweza kuiga jambo hilo.

Chora mstari wa mwanzo wa mkato juu ya uso na mstari wa mwisho wake ubavuni. Kati ya mistari hiyo kata mifereji kwa msumeno wa mkono, ikiachana kwa sentimeta moja hivi, kila mmoja ukiishia juu kidogo ya kina unachokitaka. Vipande vilivyobaki kati ya mifereji huondoka kwa patasi pana bila kulazimishwa, na mifereji yenyewe inakuonyesha umefika wapi. Baada ya hapo ni tupa yenye meno makubwa, halafu ile ya meno madogo, na mwisho bamba jembamba la chuma lililonolewa ukingo, ambalo kwa mninga wenye mkondo unaopishana lina faida kubwa kuliko randa, kwa sababu hukwangua bila kung'oa. Fumba macho na upitishe kiganja chote juu ya mkato. Kiganja hutambua bonde la sehemu ya milimita ambalo jicho linalipita. Kisha zima taa za juu na uweke taa moja ubavuni, chini kabisa, ili mwanga wake utambae juu ya uso. Kila kovu la tupa litatoa kivuli chake. Weka alama za penseli juu ya makovu hayo na uendelee hadi alama zote zifutike pamoja nayo.

Kuhusu msasa nina msimamo mkali: uso wa gitaa unaamuliwa hapa. Vanishi haifichi kitu, na ile inayong'aa hukuza kila mkwaruzo. Anza na namba 80 kuondoa alama za tupa, halafu 120, 180 na 220, na kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Anayeruka kutoka 80 hadi 220 ili kuokoa muda atasugua mara tatu zaidi na bado atabaki na mistari mirefu itakayojitokeza mara mafuta yatakapoigusa. Tumia kipande cha mbao bapa chenye sponji jembamba chini yake, sugua kufuata mkondo wa mti, na usiutumie msasa ulioshikwa na vidole vitupu kwenye uso ulio bapa, kwani vidole huchimba mabonde. Pale ambapo mkondo wa mti unakatwa, yaani chini ya kiwiliwili na kwenye pembe, endelea hadi namba 320, kwa sababu sehemu hizo hunywa mafuta mengi na huwa nyeusi kuliko nyingine zisipolainishwa zaidi. Baada ya 220, pangusa uso wote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uache ukauke, na utaona umekuwa mkavu wa kukwaruza kwa sababu vinyuzi vidogo vya mti vimesimama. Vipunguze kwa 220 ile ile iliyokwisha kutumika.

Vumbi la mninga si la kuchezea. Linajulikana kwa kuwasha pua na koo, na kwa baadhi ya watu huleta pumu. Kitambaa kilichofungwa usoni hakitoshi. Vaa barakoa ya vumbi inayobana vizuri, fanya kazi nje au penye dirisha wazi, na nguo za kazi usiingie nazo chumbani walipolala watoto.

Mninga una vinyweleo vikubwa vilivyo wazi. Alder haina tatizo hili, na ndiyo maana michoro ya Marekani mara nyingi hailitaji. Mafundi wengi wa samani huchanganya unga wa msasa na gundi nyeupe na kuipaka kama lipu, njia inayofaa kwa ufa mmoja uliofichika. Ikipakwa uso mzima, gundi inazuia mafuta yasiingie na kuacha mabaka ya kijivu. Njia ninayoipendelea inaziba vinyweleo na kuanza kupaka kwa wakati mmoja, na nitaieleza hapa chini, kwa maana inategemea aina ya vanishi.

Magitaa ya Marekani ya miaka ya 1950 yalipuliziwa laka ya nitroselulosi, nyembamba na nzuri, ambayo hugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda. Mafundi wetu wa samani nao hupuliza laka za jamii hiyo. Lakini katika mwambao wa pwani, hasa wakati wa masika, laka hiyo ina adui. Tina yake huvuka haraka sana, na inapovuka huupoza uso wa mti. Hewa yenye unyevu mwingi ikigusa uso huo uliopoa, unyevu hugeuka matone ya maji humo na laka hugeuka ukungu mweupe kama maziwa. Kompresa isiyo na chujio la maji huongeza madhara hayo. Ipo tina inayovuka polepole kwa ajili ya hali hii, na anayetaka kioo cha laka anaweza kusubiri kiangazi na kupuliza saa za mchana hewa ikiwa kavu zaidi. Mimi nimeamua kwamba kwa mninga njia hiyo haina faida. Mti wenye rangi na mistari ya namna hii unastahili kitu chembamba kinachouacha uonekane na ushikike, na ambacho mtu anaweza kukirekebisha nyumbani kwa kitambaa.

Ninachotumia ni mchanganyiko wa sehemu sawa za mafuta ya kitani yaliyochemshwa, vanishi ya mafuta na tapentaini. Usiweke tina ya laka, kwani haipatani na vanishi ya mafuta. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki cha ubao ule ule, nyuma na mbele, na usubiri siku mbili uone kama kinakauka. Mkono wa kwanza paka kwa wingi, acha mti unywe kwa robo saa, kisha futa kila tone lililobaki juu. Mkono wa pili ndio unaoziba vinyweleo: paka tena, na wakati uso ungali majimaji sugua kwa msasa wa maji namba 320 kwa mizunguko midogo. Unga wa mninga wenyewe utachanganyika na mafuta na kuwa tope zito lenye rangi ya mti. Liache lianze kushika, halafu lifute kwa kukatisha mkondo, ili kitambaa kisilitoe ndani ya vinyweleo. Rudia baada ya kukauka kama bado unaona vishimo. Mikono inayofuata iwe myembamba mno, kila mmoja ukikaushwa usiku mzima au zaidi na kuguswa kidogo kwa namba 400. Minne au mitano kwa kawaida hutosha. Ndani ya mfuko wa shingo usipake chochote. Uzibe kwa utepe wa karatasi, maana mti mkavu kwa mti mkavu ndio mshikamano tunaoutaka hapo.

Vitambaa vilivyotumika na mafuta ya kitani vitandazwe nje kimoja kimoja hadi vikakamae, au vitumbukizwe kwenye kopo la maji. Vikikunjwa na kurundikwa pembeni, mafuta yanapokauka hutoa joto, na rundo hilo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Karakana zimeungua kwa sababu hiyo, na jambo hili linapaswa kuandikwa kwenye kila kopo kwa herufi kubwa.

Kiwiliwili kinahitaji wiki kadhaa za kutulia mahali penye hewa kabla ya kufungiwa vyuma. Harufu ya mafuta ikiisha unapokikaribisha puani, kiko tayari. Anayetaka mng'ao zaidi anaweza kupitisha msasa wa maji namba 1,000, kisha 1,500 na 2,000, akimalizia na ile polishi ya kusugulia rangi za magari inayouzwa kwenye maduka ya vipuri. Mimi huishia kwenye nta ya nyuki iliyosuguliwa kwa kitambaa cha pamba.

Matundu ya skrubu za daraja na za shingo ninayatoboa kabla ya kupaka mafuta, na kuyapanua kidogo midomo, ili skrubu inapoingia isiinue ukingo wa mti na kupasua vanishi. Tundu refu linalotoka chini ya daraja hadi kwenye shimo la vifaa vya umeme, la kupitishia waya unaounganisha nyuzi na ardhi ya saketi, litobolewe wakati huo huo, pamoja na lile la ubavuni la kuchomekea waya wa spika, ambalo kwa umbo la Telecaster lina kipenyo cha milimita 22. Mninga ni mgumu kuliko alder, kwa hiyo tundu la kutangulia liwe na unene wa kiini cha skrubu, na meno ya skrubu yapitishwe kwenye sabuni ya mche kabla ya kukazwa. Kaza kwa bisibisi ya mkono, zile nne za shingo kwa zamu na kwa mshazari, na uzi wa mshonaji unyooshwe tena juu ya mstari wa katikati kabla ya kuzikaza hadi mwisho.